Ardhi waliyoiita tupu: mubirizi, nyuki na vilima vya Masisi

Ukipanda barabara ya Sake kwenda Mushaki, kisha ukaendelea hadi Masisi-centre, macho yanafurahi. Vilima ni vya mviringo, majani ni mafupi, ng'ombe wametawanyika kama mawe meupe na meusi, na wageni hawachoki kusema kwamba hapa ni Uswisi ya Afrika. Wanapiga picha, wananunua jibini njiani, wanaendelea na safari.

Nyuki akipita juu ya vilima hivyo haoni Uswisi. Anaona jangwa la kijani. Majani yale mafupi ambayo wafugaji huyaita kikuyu hutegemea upepo kusambaza chavua yake, na hayana maji matamu ya kumpa mdudu. Tena kikuyu si mgeni, ni jani la milima ya Afrika Mashariki, na mashariki mwa Kongo ni kwao. Kwa hiyo si kila kitu cha kienyeji ni chakula cha nyuki. Kilichopungua Masisi ni maua, na maua hayo yana historia inayofanana sana na historia ya watu wa hapa, maana yote miwili ni historia ya ardhi.

Tuanze na mti mmoja ambao hakuna mama wa Kivu asiyeujua. Wengi Masisi huuita mubirizi, na kwa Kinyarwanda ni umubirizi. Mjini Goma, kama kwingineko Kongo, utasikia kongo bololo, na bololo ni uchungu kwa Kilingala. Waganda wanausema omululuza, na sehemu kadhaa za Tanzania ni mtugutu. Wataalamu wa mimea waliuandika mwaka 1826 kwa jina la Vernonia amygdalina, lakini majina ya vijiji ni ya zamani zaidi kuliko kitabu chao. Majani yake ni machungu kiasi kwamba mtoto akipewa dawa ya tumbo analia kabla kikombe hakijafika mdomoni. Hata sokwe wanaujua. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale upande wa Tanzania wa ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman akiwa pamoja na mzee Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe jike aliyekuwa mgonjwa akimenya tawi la mti huu na kunyonya maji ya ndani. Mzee Seifu hakushangaa sana, maana kwao Watongwe ilikuwa dawa tangu zamani.

Lakini watu wamezungumza mno juu ya majani na kidogo sana juu ya ua. Mubirizi ukiachwa bila kukatwa hupanda kupita kimo cha mtu, kisha hutoa vishada vipana vya maua madogo meupe, mengine yenye rangi ya zambarau kidogo. Yananukia, hasa jua likishuka. Na nyuki hujaa. Nchini Ethiopia, ambako huitwa girawa, wafugaji wa nyuki wanauhesabu kati ya mimea yao mikubwa ya asali. Hapa kwetu ulikuwa lupango. Familia ilikata vipande, ikavichoma ardhini kuzunguka nyumba, na baada ya misimu michache kulikuwa na ukuta ulio hai: unazuia mbuzi, unatoa dawa, unatoa kuni kidogo, na kando yake mzinga unaning'inia. Kiswahili chenyewe kina neno moja, ua, kwa kizuizi cha nyumba na kwa kile kinachochanua. Kwa mubirizi neno hilo halikukosea upande wowote.

Nje ya lupango kulikuwa na shamba lililopumzishwa. Mlimaji wa zamani hakulima kipande kilekile kila mwaka. Alilima misimu kadhaa, kisha akakiacha kipumue. Huko kwenye mapumziko ndiko maua yalikoota yenyewe. Kulikuwa na igitovu lenye miiba na maua ya zambarau, ambalo wengine walilitumia kama senyenge ya bure. Kulikuwa pia na mutongotongo, jani refu lenye mipira ya miiba iliyopangwa kama ghorofa, na maua ya rangi ya machungwa yaliyo kama mirija. Watoto waliyachomoa na kunyonya utamu kwa nyuma, wakishindana na ndege chozi. Wenye umri mkubwa Masisi wanakumbuka ladha hiyo bila kuelezwa.

Hapo ndipo sheria ilipoingia. Tarehe 1 Julai 1885, dola huru la Kongo la mfalme Leopold II lilitoa amri kwamba ardhi isiyokaliwa ihesabiwe kuwa mali ya dola. Aliyeiandika alikuwa mbali sana na milima hii. Machoni pake ardhi yenye nyumba ni ya watu, ardhi yenye muhogo na ndizi labda ni ya watu, na ardhi yenye maua ya porini ni tupu. Shamba lililopumzishwa, malisho ya nyuki, mahali pa mizinga, njia ya kutafutia dawa, vyote hivyo viliwekwa chini ya neno moja. Neno hilo "tupu" limefanya kazi kubwa Kivu kuliko bunduki nyingi.

Matunda yake yalionekana baadaye. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kwa herufi CNKi, ikapewa uwezo wa kugawa ardhi kwa wakoloni wazungu waliotaka mashamba makubwa. Hewa ya baridi na udongo wa volkano viliwavutia. Kahawa ikaja, chai ikaja, kwinini ikaja, ng'ombe wa maziwa wakaja. Mashamba hayo yalihitaji mikono. Kati ya mwaka 1937 na 1955, kupitia ofisi iliyoitwa MIB, utawala wa Wabelgiji ulileta maelfu ya familia kutoka Rwanda na kuzikalisha Gishari na sehemu nyingine za Masisi. Mengi yameandikwa juu ya uamuzi huo na ugomvi uliozaliwa nao, na mengine yanaendelea kusemwa kwa sauti ya juu. Kwa habari ya mti wetu ni jambo dogo tu la kutaja: waliofika na waliokuwepo walikuta kwamba wanazungushia nyumba zao mmea uleule, na wanauita karibu jina lilelile.

Kati ya mimea iliyoletwa wakati ule, mmoja unastahili kusimama peke yake. Ni pareto. Ua lake ni zuri, jeupe lenye moyo wa manjano, na asili yake ni pwani ya Dalmatia, huko Ulaya ng'ambo ya bahari kutoka Italia. Lililimwa kwenye milima ya Kenya tangu mwisho wa miaka ya 1920, na baadaye milima ya Kivu ikajulikana kwa zao hilo. Maua yalichumwa, yakakaushwa, yakasagwa, na dawa iliyotoka humo ina kazi moja: kuua wadudu. Inaua mbu, inaua kunguni, na nyuki ikimpata haimwachi. Kilima kilichokuwa na maua ya kulisha wadudu kikapandwa ua la kuwaua, na vyote viwili vikiwa meupe kwa mbali. Wakulima hawakuwa na kosa, pareto ililipa ada za shule. Ila ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa namna thamani ya ua ilivyogeuka katika kizazi kimoja.

Walikale ilikwenda njia nyingine. Ukivuka Nyabiondo ukashuka kuelekea magharibi, baridi inabaki nyuma, malisho yanakwisha, na msitu unafunga njia. Katika sekta ya Wanyanga na sekta ya Bakano, ua la kulisha nyuki halikuwa la kupandwa nyumbani. Lilikuwa juu, kwenye kilele cha mti mrefu, na mtu aliliona tu lilipodondoka. Asali ilikuwa ya kupanda kwa kamba na moshi, na aliyeijua kuliko wote ni Mbuti. Mbali na nyuki mkali wa kawaida, msitu una nyuki wadogo wasiouma, wakaao ndani ya matundu ya miti, ambao asali yao ni nyepesi na chachu kidogo.

Uzito wa asali kwa Wanyanga unaonekana katika hadithi yao kubwa, Mwindo. Ilisimuliwa na Shekarisi Rureke mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, msomi aliye mwana wa lugha hiyo, waliichapisha mwaka 1969. Mwindo akiwa kuzimu anamtafuta baba yake, Muisa anampa majaribu. La kwanza ni shamba la ndizi. La pili ni kupanda mti na kuleta asali, na hapo mtini ndipo anapokaribia kufa, mpaka Nkuba, yule wa radi, anaupasua mti. Kati ya yote ambayo msimulizi angeweza kuyafanya kipimo cha mwanamume, alichagua shamba la ndizi na asali. Msikilizaji wa Walikale hakuhitaji maelezo kwa nini.

Walikale ina fundisho jingine kuhusu wadudu, nalo limo katika mchikichi. Watu wa huko wanapika mawese kila siku bila kumfikiria mdudu mdogo wa jamii ya fukusi anayetembea kati ya ua dume na ua jike la mchikichi. Mchikichi ulipopelekwa Asia katika karne ya 19, mdudu huyo hakupelekwa. Malaysia ikawa na mashamba yasiyo na mwisho, lakini vikonyo vilizaa vibaya, na makampuni yalilipa wafanyakazi kupaka chavua kwa mkono, ua kwa ua. Mwaka 1981 fukusi wa Kamerun walipelekwa huko na kuachiwa. Kazi ya mikono ikakoma muda mfupi baadaye. Huku kwetu fukusi hajawahi kulipwa hata franka moja.

Tukirudi Masisi, uhuru haukurudisha lupango. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya dola, na kwamba ardhi ya kimila itapangiwa utaratibu wake kwa amri ya rais. Amri hiyo haikutoka. Tarehe 30 Novemba mwaka uleule ikatangazwa zaïrianisation, na mashamba ya wazungu yakapewa Wazaire, hasa waliokuwa karibu na wakubwa. Wengi wa waliopewa waliona kwamba ng'ombe anahitaji wafanyakazi wachache kuliko chai. Malisho yakapanuka, na senyenge za chuma zikachukua nafasi ya mimea. Mlimaji aliyekuwa na kipande chenye mubirizi pembeni akajikuta ndani ya hati ya mtu mwingine.

Kisha vita. Mauaji ya Ntoto, wilayani Walikale, mwezi Machi 1993, yaliwasha moto uliofika Masisi kwa siku chache. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa Kivu. Ng'ombe wa Masisi waliibwa na kuchinjwa mpaka vilima vikabaki na majani bila mlaji. Baadaye ng'ombe walirudi, wengine wakiwa wa wenyewe wapya. Watu nao wamekimbia, wamerudi, wamekimbia tena, mara nyingi kiasi kwamba kijana wa miaka 30 anaweza asiwe na mahali hata pamoja alipoona mti alioupanda ukichanua. Misitu iliteketea kwa makala ya kupikia Goma. Tangu mwaka 2007 mpango wa EcoMakala umewasaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya kukata, na mwingi kati ya hiyo ni mkaratusi. Kwa haki lazima isemwe kwamba mkaratusi una maua na nyuki anayapenda. Lakini mti unaopandwa ili uchomwe mara nyingi hukatwa mapema, na chini yake hakuoti mengi.

Kuna anayeweza kuuliza: nyuki wakipungua, mlimaji wa Masisi anapoteza nini? Maharagi yatazaa, maana ua la haragi hujitosheleza kwa sehemu kubwa. Viazi hupandwa kwa mbegu ya chini. Mahindi ni kazi ya upepo. Swali ni zuri, na jibu liko kwenye sahani iliyo pembeni ya maharagi. Boga halizai bila mdudu, kwa sababu ua dume na ua jike ni maua mawili tofauti. Marakuja hungoja wale nyuki wakubwa weusi watobozi wa mbao. Avoka, biringanya, nyanya na kahawa huzaa vizuri zaidi wadudu wakizunguka. Mama mwenye kipande cha hatua 20 kwa 30 nyuma ya nyumba haishi kwa maharagi peke yake, na vitu anavyobeba kwenda soko la Mweso au Kitchanga kupata franka za chumvi na sabuni ni hasa hivyo vinavyohitaji nyuki. Asali yenyewe haijahesabiwa.

Kurudisha mubirizi ni rahisi hata kwa mtoto. Mvua zikianza, unakata tawi lililokomaa, nene kama kidole gumba au zaidi, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Unalichoma ardhini likiwa limelala kidogo upande, hatua moja hivi kutoka jirani yake, macho ya tawi yakitazama juu. Mengi yatashika. Usiupande katikati ya maharagi, utayatilia kivuli. Pembeni ndiko kwake.

Kosa la kawaida ni moja. Watu hukata lupango lote kila baada ya miezi michache ili liwe nadhifu, au huchuma majani ya dawa mpaka shina linabaki fimbo. Mubirizi unaokatwa namna hiyo unaishi miaka mingi bila kutoa hata ua moja. Mwenye kutaka nyuki aache shina moja katika kila matano lipande lenyewe mpaka lichanue, na mwaka unaofuata aache jingine. Asichome matawi makavu yote, kwa sababu nyuki wengine wadogo hutaga ndani ya moyo laini wa tawi lililokufa. Na asifagie kila mahali: nyuki wengi wa porini hukaa ndani ya udongo mtupu uliokauka, kwenye shimo lisilopita unene wa kalamu.

Ugumu hauko kwenye kupanda. Uko kwenye ruhusa. Katika vilima vingi vya Masisi anayelima si mwenye ardhi. Analipa kwa pesa, au kwa salongo, yaani siku kadhaa za kumfanyia kazi mwenye shamba ili naye aachiwe kipande kwa msimu mmoja. Na sharti la kawaida, liwe limeandikwa au limesemwa tu, ni kwamba mpangaji asipande kitu kinachodumu. Asipande mgomba, asipande kahawa, asipande mti. Mwenye ardhi anaogopa, na woga wake una historia: katika mila za milima hii, mti uliopandwa ni ushahidi. Baraza la wazee likikaa kuamua mpaka, linauliza ni nani aliyepanda mivumu hii, ni nani aliyechoma lupango hili. Mubirizi wa mpangaji leo unaweza kuwa shahidi wake kesho mbele ya mwami au tribinali. Kwa hiyo unang'olewa ukiwa mdogo. Ua linakosekana kwa sababu linaweza kusema.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi za pembeni ya Goma zilipovunjwa na watu wengi kurudi Masisi, wengi hawakurudi kwenye ardhi yao bali kwenye ardhi ya kuomba. Kuwaambia hao wapande lupango la mubirizi ni kuwaambia watafute ugomvi. Mwenye hati ndiye anayeweza kuanza, na senyenge yake ndefu ingeweza kubeba mibirizi mingi bila kumpunguzia ng'ombe hata mmoja majani. Nyua za shule, za parokia na za vituo vya afya nazo zina wenyewe wanaojulikana, na hakuna atakayedhani kwamba mwalimu aliyechoma vipande 40 kuzunguka uwanja anataka kuiba kilima.

Kwa mpangaji lipo jani lile la watoto. Mutongotongo hauishi muda mrefu. Unaota kwa mbegu, unapanda hadi kifua au kupita, unachanua, unakauka, unakufa. Hauwi mpaka wa mtu, na hakuna baraza litakalouita shahidi. Mbegu zake haziuzwi dukani: unangoja ile mipira ya miiba ikauke, unaishika kwa kitambaa maana inachoma, unaitikisa juu ya karatasi, na mbegu nyeusi ndogo zinadondoka. Zinamwagwa pembeni ya shamba mvua za Septemba zinapoanza, zinafunikwa na udongo mwembamba, na mstari mmoja unatosha, kwa sababu ukiuachia mbegu zote utajaa shambani. Wengine watauita gugu, na huko Amerika ulikovuka bahari umekuwa gugu kweli. Ukipandwa karibu na maboga, nyuki anayekuja kwa ua moja hupitia jingine, na watoto watajua wenyewe la kufanya na mirija ile ya machungwa.